Boksi la mbele la trela la jikoni: vitu gani vizito vikae humo, na vifungwe vipi?

JikoPaje

Assalaam alaykum wenzangu. Naomba msaada kwa wanaojua matrela.

Trela ni la jikoni, ekseli moja, linavutwa na pikapu ya kebini mbili kutoka Mwanakwerekwe kwenda Paje na kurudi usiku. Kutoka boli ya kuvutia mpaka katikati ya ekseli ni mita 4. Mbele, juu ya vyuma vya mkono wa trela, lipo boksi la aluminiamu la sentimita 160 kwa 70, na katikati yake iko mita 1 kutoka kwenye boli. Ndani yake mna mitungi miwili ya gesi ya kilo 15, betri mbili za AGM (za asidi, zilizozibwa) za 100 Ah, madumu manne ya maji ya lita 20, jenereta ya kVA 2, jeki na sanduku la spana. Trela likijaa lina kilo 1,300. Boksi likiwa tupu, mzigo unaolalia boli ni kilo 60. Kwenye kikombe cha trela, kile kinachofunika boli, pana kibati kimeandikwa S 150 kg.

Matatizo ni mawili. Kwanza, nyuma ya pikapu inakaa chini, usukani unakuwa mwepesi na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Pili, sakafu ya boksi imebonyea chini ya betri na kona moja imeanza kupasuka.

Ushauri niliopewa ni kwamba vizito vyote viende mbele ndipo trela lisiyumbe. Sasa nihamishie nyuma? Na gesi kukaa pamoja na betri kuna ubaya wowote?

FundiChumbuni

Wa alaykum salaam. Aliyekwambia zito liende mbele hajakosea, ila hakukwambia mbele ya nini. Ni mbele kidogo ya ekseli, si mbele kabisa ya trela. Gari la ng'ombe ni hivyo hivyo: pakia nyuma ya magurudumu, nira inapanda na kumkaba ng'ombe, rundika mbele mno, shingo inachubuka.

Tupige hesabu. Kitu kilichopo mbele ya ekseli uzito wake hugawana kati ya ekseli na boli. Zidisha uzito kwa umbali wake kutoka ekseli, kisha gawa kwa umbali wa ekseli hadi boli. Boksi lako liko mita 3 mbele ya ekseli, boli liko mita 4. Kwa hiyo robo tatu ya kila unachotia humo inalalia boli.

Mtungi wa kilo 15 si kilo 15, hiyo ni gesi peke yake. Uzito wa chuma umepigwa chapa kwenye mtungi wenyewe. Hapa naweka kilo 16, wewe soma wako. Mitungi miwili ni kilo 62. Betri za AGM za 100 Ah ni kama kilo 29 kila moja, hizo 58. Maji 80. Jenereta ya ukubwa huo ni kama 21. Jeki na spana tuseme 15. Jumla 236, robo tatu yake ni 177. Ongeza ile 60 ya mwanzo, una kilo 237 juu ya boli. Kibati chako kinaruhusu 150. Herufi S kwenye kibati ndiyo hiyo hasa: mzigo wa kusimama wima ambao kikombe kimetengenezwa kuubeba. Angalia na kibati cha chuma cha kuvutia kwenye pikapu, kina S yake pia, na inayotawala ni ile iliyo ndogo.

Sasa uone kwa nini usukani unakuwa mwepesi. Boli haliko juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, liko nyuma yake. Kwa pikapu yenye mita 3.1 kati ya ekseli zake, na boli mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 237 juu ya boli zinaishindilia ekseli ya nyuma kwa kilo 329 na kuiondolea ekseli ya mbele kilo 92. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yenye breki kubwa. Ukiyapunguzia mzigo hayo, gari inachelewa kutii kwenye kona na inachelewa kusimama. Kuongeza jani la springi nyuma, kama wengi wanavyofanya, kunainua bodi tu. Zile kilo 92 hazirudi mbele.

Kuhamishia nyuma kabisa ya trela usithubutu. Hesabu ya boli itakaa sawa kwenye karatasi, lakini trela lenye uzito kwenye ncha zote mbili likianza kuyumba halikubali kutulia: uzito ulio mbali na ekseli unataka nguvu nyingi kuuzuia ukishaanza kuzunguka. Uzito ukusanywe karibu na ekseli, na chini sakafuni.

Kwa hiyo cha kwanza kutoka boksini ni maji. Madumu manne yakikaa sakafuni ndani ya trela, sentimita 20 mbele ya ekseli, mchango wao kwenye boli unashuka kutoka kilo 60 hadi 4. Na maji yana tabia moja mbaya zaidi: yanapungua. Asubuhi boli lina kilo 237, usiku madumu yakiwa matupu lina 177, yaani trela moja na tabia mbili siku hiyo hiyo. Yakiwa juu ya ekseli, yajae au yaishe, boli halijui.

Cha pili jenereta, nayo iende karibu na ekseli (habari ya petroli yake wengine watasema). Hapo umefika 166 hivi. Mtungi wa pili ni wa akiba. Uache Paje au uletewe, unapunguza 23 nyingine. Unabaki na kama kilo 143 kwa trela la kilo 1,270 hivi, asilimia 11. Hapo umo ndani ya kibati na trela limetulia.

MvutaMatrela

Naongeza kwenye hiyo asilimia, maana watu hubishana bure. Wamarekani hupendekeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ilalie boli. Ulaya kwenye karavani za likizo utasikia 5 hadi 7, kwa sababu huko viboli vingi vya magari madogo vina S ya kilo 75 au 100, na wengi hutumia kifaa cha kuzuia kuyumba. Wewe huna kifaa hicho na una pikapu. Kaa kwenye 10 au 11 na usivuke kibati. Asilimia ikigombana na kibati, fuata kibati.

Angalia pia boli lenyewe. Yapo ya milimita 50 na yapo ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kwa macho hayatofautiani. Kikombe cha inchi 2 juu ya boli la 50 hucheza na kugonga kila tuta. Kikombe cha 50 juu ya boli la inchi 2 huenda kisifunge mpaka mwisho, na kikijifungua njiani unabaki na minyororo ya usalama tu. Namba imepigwa juu ya boli na juu ya kikombe. Zilingane.

UmemeNaGesi

Kuhusu gesi na betri chumba kimoja: ubaya upo, tena mkubwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa chini ya boksi na kukaa. Betri ina vichwa viwili vinavyoweza kutoa cheche spana ikivigusa pamoja, au waya ukilegea. Na betri za asidi zikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni. AGM zina vali, lakini vali hiyo ipo ili ifunguke. Jenereta ndiyo ya tatu. Mvuke wa petroli nao huzama chini kama gesi.

Gawa boksi. Upande wa gesi uwe chumba chake, kwa ukuta wa bati au aluminiamu uliozibwa kwa silikoni kuanzia sakafu hadi juu. Waya usipite ndani ya chumba hicho hata kidogo. Kwa kanuni za karavani za Ulaya, tundu za hewa za chini zisipungue asilimia 2 ya eneo la sakafu ya chumba, na kwa vyovyote zisipungue sentimita za mraba 100. Chumba cha sentimita 45 kwa 70 kina eneo la 3,150, asilimia 2 yake ni 63, kwa hiyo wewe fuata ile 100: tundu moja la 10 kwa 10 sakafuni penyewe, lenye wavu wa kuzuia mawe na panya. Tundu la ubavuni lililopanda sentimita tano juu halifai, litaacha ziwa la gesi chini yake. Na lisitazamane na bomba la moshi la jenereta wala na fyuzi.

Mtungi usimame wima, vali juu. Ukilala, gesi ya maji itaingia kwenye regyuleta na kwenye jiko badala ya mvuke. Safarini vali ya mtungi imefungwa, si ya jiko. Mpira ukichanika kwenye tuta la Jozani vali ya jiko haikusaidii kitu. Mkanda mmoja hautoshi. Weka pete ya chuma chini inayoshika kitako, na mkanda wa racheti juu kidogo ya nusu ya mwili wa mtungi. Usifunge shingoni wala kwenye kola.

Betri: kila kichwa chanya kifunikwe kwa kofia ya plastiki, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa hicho. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo chagua kwa unene wa waya, si kwa ukubwa wa betri. Zibanwe na bamba la chuma lililovikwa mpira na bolti mbili ndefu za M8 zinazoshuka mpaka kwenye chuma cha chini. Zile kamba za mpira zenye ndoano zina faida kwenye baiskeli.

Jenereta ikisafiri: koki ya mafuta imefungwa, kizibo cha tangi kwenye alama ya kufunga hewa, injini imepoa. Dumu la petroli lisiingie ndani ya trela wala boksini. Linakaa nyuma ya pikapu, sehemu ya mzigo, limefungwa wima.

FundiChumbuni

Nimesahau sakafu, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Boksi la aluminiamu halikutengenezwa kubeba, limetengenezwa kufunika. Bati la milimita mbili likipewa betri za kilo 58 kwenye eneo dogo, kila tuta zinaruka kidogo na kutua kama nyundo. Linabonyea, kisha linapasuka pale lilipokunjwa, kwa sababu hapo chuma kimeshachoka tangu kiwandani. Ukichomelea ufa bila kubadilisha njia ya mzigo, utapasuka pembeni ya uchomeleaji.

Dawa yake ni mzigo upite moja kwa moja kwenye vyuma vya mkono wa trela, boksi libaki koti la mvua. Lazeni vyuma vya pembe viwili au vitatu vya 40 kwa 40, unene milimita 4, kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia chini ya boksi: kimoja chini ya mstari wa betri, kimoja chini ya mtungi. Juu yake, ndani ya boksi, ubao wa plaiwudi ya baharini wa milimita 18 unaojaa sakafu yote. Bolti za M10 zipite plaiwudi, bati la boksi na chuma cha pembe kwa pamoja, na washa pana za sentimita 4 juu ya mbao. Nati ziwe za kujifunga zenye plastiki ndani. Nati ya kawaida na washa ya springi italegea kabla ya mwezi kwisha.

Kingo za plaiwudi, na kila tundu ulilotoboa, zipakwe epoksi kabla ya kufunga bolti. Maji yanaingia kwenye kingo, juu hayaingii. Toboa tundu tatu nne za milimita 10 kwenye pembe za chini za sakafu maji yatoke. Tundu la gesi ni jingine.

Vyuma hivyo vya pembe usichomelee kukatisha juu ya mikono ya trela. Wachomeleaji wengi watakwambia ni imara zaidi. Mkono wa trela unapindapinda kidogo kila tuta, na mstari wa kuchomelea unaokatisha uso wake wa juu au wa chini ndipo ufa unapoanzia. Ufa ukianza huko mbele, trela linaachana na kikombe. Tumia vibano vya U vinavyoukumbatia mkono, au bolti zinazopita ubavuni katikati ya kimo chake, ambapo chuma hakivutwi wala kukandamizwa sana. Usitoboe uso wa juu wala wa chini.

Jambo la pili ni chumvi. Aluminiamu ikigusana na chuma, au hata na chuma kisichoshika kutu, kwa hewa ya Paje inaliwa hiyo aluminiamu: unaona unga mweupe kuzunguka bolti, kisha tundu linapanuka. Weka kipande cha mpira au plastiki kati ya boksi na chuma cha pembe, na washa ya nailoni chini ya kila kichwa cha bolti. Chuma cha pembe kiwe cha kuchovywa zinki. Ukikikata, paka rangi ya zinki mahali ulipokata.

JikoPaje

Shukran jazila. Ile kilo 60 ilipimwa na fundi aliyeunda trela. Baada ya kuhamisha nitapimaje mwenyewe? Mizani iliyopo nyumbani ni ya bafuni, mwisho kilo 120.

MvutaMatrela

Inatosha. Tafuta ubao imara wa mita moja na vipande viwili vya bomba. Upande mmoja bomba likae juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, nafasi kati ya mabomba sentimita 90. Tofali na mizani ziwe kimo kimoja. Soma mizani ikiwa na ubao mtupu, andika. Kisha shusha kikombe juu ya kigingi cha mbao kilichosimama sentimita 30 kutoka bomba la tofali, yaani 60 kutoka bomba la mizani. Soma tena, toa ile namba ya ubao, zidisha mara 3. Mizani ikionesha 48 zaidi ya ubao, boli lina 144.

Masharti yake: trela limepakiwa kama linavyosafiri, madumu yamejaa, ardhi ni tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa magogo mbele na nyuma, gurudumu dogo la mbele limenyanyuliwa kabisa, na kikombe kiko kimo kile kile kinachokuwa juu ya pikapu. Kikombe kikiinuliwa juu sana, mzigo unaelekea nyuma na namba inadanganya. Usiingize mguu chini ya mkono wa trela.

Mtu wa Pemba mwenye mizani ya kupimia magunia ya karafuu hana haja ya ubao wote huu, atainua kwa mnyororo tu.

Na pima pikapu kwa futi kamba: kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu, kabla ya kufunga trela na baada. Nyuma kushuka sentimita chache ni kawaida. Mbele ikipanda zaidi ya sentimita 2, kwa maoni yangu, bado mzigo ni mwingi, hata kama kibati kimeridhika. Upepo wa tairi za nyuma uwe ule wa gari iliyojaa, umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

WeteBarabarani

Kama trela litavuka kuja Pemba siku moja, mambo mawili ya boksi la mbele. Mlango wa meli ya magari hulalia gati kwa mwinuko unaobadilika na maji, na siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa kwetu hufika kama mita 4. Pikapu ikishapanda mlango na trela bado liko chini, pembe hufunga pale kwenye boli: gurudumu dogo la mbele na sakafu ya boksi ndivyo vinavyokwaruza. Vyuma vya pembe alivyosema Fundi visining'inie chini ya mikono, na gurudumu dogo livutwe juu mpaka mwisho au livuliwe. Ukiweza kuchagua saa, pakia wakati mwinuko wa mlango ni mdogo.

La pili, gesi ifungwe mtungini na uwaambie mabaharia imo humo kabla hujaingia, wao ndio wanaoamua pa kuliweka trela. Ukishateremka, osha boksi kwa maji yasiyo na chumvi juu na chini.

Huku kuna vilima, si kama njia ya Paje. Kutoka Mkoani kwenda Chake unapanda na kuteremka. Shuka kwa gia ndogo tangu juu. Trela likianza kuyumba achia mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulirekebisha kwa kuzungusha.

JikoPaje

Nimeelewa. Swali la mwisho: nikibadilisha AGM kuweka za lithiamu nitapata nafuu?

UmemeNaGesi

Ya 100 Ah ya lithiamu ya fosfeti ni kama kilo 12, kwa hiyo mbili zinakupunguzia kilo 34 boksini, na kama 25 kwenye boli. Nafuu ipo, lakini chaja lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, na ukichaji kutoka kwenye altaneta ya pikapu unahitaji kifaa cha kati cha kudhibiti mkondo, vinginevyo altaneta itachemka. Hamisha maji kwanza. Hilo halina gharama. Bolti za sakafu zikaze tena baada ya safari ya kwanza, plaiwudi mpya hujibana kidogo chini ya washa.